Jiwe la Msingi la Taasisi ya Mustakabali

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Mkuu wa Mji, ambaye kiti chake mnakiona pale mbele na ambaye mwenyewe atafika mara tu gari litakapopata mafuta, waheshimiwa wakubwa wa mitaa ya Kikula na Shituru, mliokuja na mliotuma salamu, mapadri, masista na wachungaji wa dini zote zinazosali kwa sauti ya kiasi, wakurugenzi wa shule zilizofunguliwa na wa zile zinazotarajia kufunguliwa, wazazi wapendwa, na ninyi vijana wahitimu, mliomaliza sekondari na kufaulu mtihani wa taifa, ninyi mlio kiini, moyo na, n'est-ce pas, malighafi ya shughuli ya leo: mimi, Floribert Kalenga, Shefu wa Biro ya Orientation na Mustakabali wa Vijana wa Likasi, ad intérim tangu mwaka 1989, nawasalimu kwa jina la Biro, kwa jina la Taasisi, na kwa jina langu binafsi. (Makofi ya wastani.)

Asanteni. Ketini. Wasio na viti wasimame kwa utulivu.

Leo, tarehe kumi na mbili Oktoba 1995, tumekusanyika kwenye uwanja huu, mbele ya jiwe hili la msingi, kusherehekea kutimia kwa awamu ya kwanza ya Taasisi ya Juu ya Mustakabali, mradi ambao nimeubuni mimi, nimeusimamia mimi na, kwa unyenyekevu wote, nimeusifu mimi, ili kijana wa Likasi amalizapo sekondari asizurure akijiuliza ashike njia gani, bali abaki mahali pamoja, panapojulikana, akingoja kwa mpangilio.

Takwimu zinajieleza zenyewe, lakini nitazisaidia. Kwa miaka miwili Biro yangu imepokea dosiye mia mbili na kumi na nne, kila moja ikiwa na diploma halisi ya mwenyewe, si kopi, kwa sababu mashine ya kopi haijaonekana tangu uporaji wa 1991. Dosiye zilizopokelewa na kuhifadhiwa: asilimia mia. Zilizokataliwa: sifuri. Nionyesheni chuo kikuu kimoja duniani ambacho hakijawahi kumkataa mtu. Mngekuwa wengi zaidi, nakiri, kama wenzenu wa darasani, wale walioambiwa kwamba si wa hapa, wasingepanda treni mwaka ule pamoja na wazazi wao na magodoro yao na kuacha madawati matupu, safari ambayo mimi sikutumwa kuieleza. Tuendelee.

Kila mhitimu alifanyiwa jaribio la kisayansi la maswali arobaini, kutoka kitabu cha Wabelgiji ambacho kurasa zake nyingi bado zipo. Kijana Séraphin, yule mwenye shati la njano, jaribio lilionyesha pasipo shaka kwamba njia yake maishani ni unahodha wa meli. (Vicheko.) Msicheke. Sayansi haiangalii jiografia. Nilimwambia asubiri, na Biro ikaanza taratibu za kuulizia bahari.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni binti Marceline Kibwe, yule aliyesimama kando ya jiwe na mfuko wake wa safari. Alikuja ofisini kwangu Septemba 1993 pamoja na baba yake, mzee Ambroise, aliyefanya kazi kiwandani Shituru miaka ishirini na sita, mpaka tanuru zikapoa. Binti alikuwa amemaliza sehemu ya kemia na biolojia, pourcentage sabini na moja. Shule ya uuguzi ya masista kule Lubumbashi ilikuwa tayari kumpokea; shangazi yake wa Kikula naye alikuwa tayari kumpa nafasi kwenye meza yake ya unga sokoni. Njia mbili, mabibi na mabwana, na zote mbili, mtaona wenyewe hatari yake, zilikuwa wazi. Nikamwambia: binti yangu, asilimia sabini na moja haikuumbwa ili ibebe beseni za wagonjwa wala ipime unga. Ngoja Taasisi. Utakuwa mwanafunzi nambari moja. Diploma yako iache hapa.

Mzee Ambroise akaniuliza swali ninalolikumbuka neno kwa neno. Akasema, "Shefu, kama angekuwa mutoto yako, njo ungemwambia vile?" Nikamjibu: kabisa.

Binti akangoja. Hapa naomba vijana mnisikilize, kwa sababu kungoja ni taaluma. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alikuja kwa miguu kutoka Shituru, na nilimpokea kila mara, isipokuwa zile mara ambazo sikuwepo. Mwaka wa kwanza aliuliza akiwa ameketi: "Shefu, masomo inaanza lini?" Nikamjibu kwa awamu. Mwaka wa pili aliuliza akiwa amesimama mlangoni. Tangu Juni haulizi tena masomo, anasema tu, "Munipatie diplôme yangu," na mimi katika maneno hayo mafupi nimeona ukomavu ambao chuo chenye majengo kisingeweza kumpa.

(Marceline: "Shefu, kamio ya Baba Adrien inaondoka saa sita. Masista bamekubali kunitwaa tena, lakini kesho asubuhi banafunga liste. Niko naomba tu diplôme.")

Mmesikia. Ana safari, lori linamngoja, na bado amekuja kwenye sherehe yetu. Huo ndio uzalendo. Nitamjibu katika sehemu ya nne ya hotuba. Kwa sasa tuko ya pili.

Sehemu ya pili inahusu uvumi. Wapo wanaonong'ona kwamba njia ya uuguzi ilikuwa njia nzuri. Biro haijawahi kukataa. Ni njia nzuri sana. Binti yangu mwenyewe, Chérie, yuko kwa masista hao hao, ameanza mwaka wa tatu, anafanya vizuri. Nilimwandikisha wiki ile ile aliyokuja Marceline, kwa kuwa nafasi moja, n'est-ce pas, ilikuwa imebaki wazi.

(Mtu mmoja nyuma anaweka kikapu chake chini. Mzee Ambroise anavua kofia na kusema polepole: "Ile siku nilikuuliza, Shefu. Ulisema kabisa.")

Kabisa, mzee wangu, na neno hilo nalirudia mbele ya umma. Swali lako lilimhusu Marceline kama angekuwa mtoto wangu. Chérie tayari ni mtoto wangu. Hizo ni dosiye mbili tofauti.

(Marceline: "Diplôme iko wapi?")

Nalipokea swali, maana linatufikisha sehemu ya nne bila kupoteza muda kwenye ya tatu. Diploma ziko wapi? Je, ziko kabatini, kama katika ofisi za kizamani, ambako panya huzifanyia utafiti? Hapana. Ulimwenguni kote, jengo kubwa linapoanza, karatasi zenye thamani huwekwa chini ya jiwe la msingi. Kwa hiyo Jumatatu iliyopita karani wangu Étienne, mtu mzima mwenye uzoefu, alizifunga kwenye nailoni, akazipanga ndani ya sanduku la chuma, nasi tukalifukia sanduku hilo hapa, chini ya jiwe hili, dosiye zote mia mbili na kumi na nne, ili jengo lenu lisimame juu ya akili zenu wenyewe.

(Minong'ono. Mama mmoja anamuuliza jirani yake: "Anasema balizika nini?" Étienne anainama kwenye sikio la Shefu, lakini kipaza sauti kinamsikia: "Shefu, saruji ilikuwa kidogo. Hapana kukauka muzuri.")

Saruji ni suala la kiufundi, karani.

(Mzee Ambroise anamwomba jembe mama aliyetoka shambani kwake, njia ya Kamatanda. Anaanza kuchimba kando ya jiwe. Séraphin anakwenda kumsaidia, kisha wengine.)

Naona... naona wananchi wameinuka bila kulazimishwa na kushika majembe. Étienne, andika: saa tano na dakika kumi, kazi za ujenzi zimeanza. Miaka mingapi tumeambiwa kwamba kijana mwenye diploma hataki kazi ya mikono? Sogeeni kidogo kushoto, mzee wangu, hapo kuna mlingoti wa bendera. (Wanaendelea kuchimba.) Waheshimiwa, tazameni kina cha msingi. Étude ya Biro ilikadiria miezi kumi na minane kwa hatua hii. Hawa wameimaliza kwa dakika ishirini.

(Jiwe linapinduka. Sanduku linatolewa. Ufunguo haupatikani, mzee Ambroise anavunja kufuli kwa mpini. Marceline anapiga magoti, anaanza kuita majina na kugawa. Honi ya lori inasikika kutoka barabarani. Séraphin anamshika mkono: "Weye tafuta yako. Bengine nitaita miye.")

Kipengele cha kukabidhi diploma hakikuwemo kwenye programu, lakini nakiidhinisha kuanzia sasa. Nawapongeza wote wanaopokea. Naomba mpokee kwa mkono wa kulia na mtazame upande wangu.

(Marceline ameipata. Maji yameingia pembeni na muhuri umevuja wino. Baba yake anaichukua, anapuliza udongo, anasoma mstari kwa mstari huku midomo ikitembea. "Jina iko," anasema. "Na pourcentage iko. Enda, mama." Anamrudishia. Marceline anaiweka kifuani ndani ya blauzi, anachukua mfuko wake, na kupita mbele ya jukwaa bila kukimbia. "Nitamusalimia Chérie, Shefu," anasema.)

Asante, binti yangu. Mwambie asome kwa bidii.

(Lori linaondoka. Waliopata diploma zao wanatawanyika. Mzee Ambroise amesimama ukingoni mwa barabara akitazama vumbi.)

Kabla hamjatawanyika wote, kaulimbiu. Mimi nitasema "Mustakabali", ninyi mtajibu "Unangojwa". Mustakabali. (Watu wanaendelea kuondoka.) Mustakabali. (Étienne: "Unangojwa.") Asante. Biro moja, njia moja, subira moja. Awamu kwa awamu tutafika.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru fundi wa makaburi aliyetuazima jiwe hili, ambalo upande wake mmoja ulikuwa bado haujaandikwa. Naishukuru familia yenye uwanja, ambayo Jumatatu ijayo itapanda mahindi yake kama tulivyokubaliana. Na kupita wote, naishukuru Serikali, ambayo tangu mwanzo wa mradi huu haijatuwekea kizuizi hata kimoja, haijachelewesha kibali hata kimoja, wala haijakataa barua yetu hata moja, kwa kuwa hatukuwahi kuiandikia: Taasisi haina hati, haina mchoro, haina mwalimu, na mpaka asubuhi ya leo hapakuwa na mtu hata mmoja Serikalini aliyejua kwamba ipo. Asanteni sana.