Harusi Isiyo na Honi

Habari iliingia kijiweni saa tatu asubuhi, ikiwa ndani ya karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilipofika saa tatu na nusu, heshima ya mtu mzima ilikuwa imelala chali.

Karatasi ilikuwa ya Gia Tano, dereva teksi kwa miaka thelathini sasa, ambaye hajapata kuonekana akitembea. Nyumba yake iko hatua themanini kutoka benchi la kahawa, na hatua hizo huzimaliza kwa gari, tena akipiga honi kwenye kona. Mabibi harusi wote wa mtaa wamepanda gari lake lenye riboni. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akimngoja mmoja tu, binti yake. Sasa binti huyo alikuwa anaolewa kisiwani kwa mchumba wake, na wakwe walikuwa wametuma maelekezo ya safari.

"Soma, Mwalimu," alimwambia Mwalimu Nukta, mstaafu ambaye husoma mpaka alama za uandishi. "Miwani nimeisahau nyumbani."

"Si ukaichukue? Hatua themanini tu," alisema Msumari, fundi viatu, bila kuinua macho kwenye soli.

"Gari linapumzika."

Mwalimu alisafisha koo. "Wageni wetu wapendwa, mkato, kisiwani kwetu hakuna magari, nukta. Hakuna pikipiki, nukta. Chochote chenye injini kinaishia gatini, nukta."

"Hapo pangewekwa alama ya kilio," alinong'ona Gia Tano.

"Kutoka gatini hadi ukumbini ni dakika arobaini kwa miguu."

"Miguu ya nani?"

"Yako, baba," alidakia Shangazi Birika, mwenye kahawa yake. "Hiyo miwili inayoning'inia hapo chini. Ulidhani ni mapambo?"

"Wanawake wasivae visigino virefu, vitazama mchangani. Mizigo itabebwa kwa mkokoteni. Wazee wasiojiweza, vilevile."

Msumari akadondosha nyundo kwa kicheko. "Kaka, utaingia harusini umelazwa kati ya spika na masufuria!"

"Mimi si mzee!"

"Basi utatembea."

"Mimi si..." Gia Tano akakwama kama gari katikati ya barabara.

Mwalimu akaendelea, safari hii polepole. "Bibi harusi ataongozwa na baba yake, kwa miguu, mbele ya msafara. Baba akishindwa, mjomba atashika nafasi yake."

Mjomba mwenyewe wanamjua. Hukimbia kila asubuhi na kaptura yake, na akipita kijiweni huwapungia mkono bila hata kuhema. Gia Tano alihisi kama breki imekatika kifuani.

"Siendi," alisema. "Nilikuwa nampeleka chekechea, kakaa kiti cha nyuma, miguu haifiki chini. Akaniuliza, 'Baba, na mimi nikiolewa, utanipigia honi?' Nikamwambia mpaka betri iishe! Leo anaolewa na mtu asiyejua hata gari lina milango mingapi."

"Kwani kijana anafanya kazi gani?" aliuliza Shangazi.

"Binti alisema yuko kituo cha afya. Atakuwa anapima watu joto. Sikuuliza zaidi, nilikuwa nimenuna."

"Subirini, kuna maandishi madogo," alisema Mwalimu, karatasi ikigusa pua. "Linaruhusiwa gari moja tu, mkato, la wagonjwa, mkato, kwa dharura."

Gia Tano akakohoa.

"Umeanza lini?" aliuliza Shangazi.

"Sasa hivi. Tena nitazidiwa palepale gatini. Mgonjwa ana haki ya kusindikizwa na mwanawe, na shela lake, na maua yake. Na king'ora si ndugu yake honi?"

"Baba mzima! Unataka kumwozesha mwanao kwenye machela?"

"Mwalimu, nitajie namba ya simu ya hilo gari."

Mwalimu akaitaja, tarakimu moja moja, kwa upole wa msimamizi wa mtihani. Gia Tano akabonyeza. Alipofika tarakimu ya mwisho, simu, kwa adabu zote, ikamwonyesha jina alilolihifadhi mwenyewe: MWIZI WA BINTI.

Akaiangalia kama mtu aliyegonga ukuta akirudi nyuma.

"Ni nani?" aliuliza Msumari.

"Mkwe wangu."

"Yaani ndiye dereva pekee wa kisiwa kizima?"

"Miezi minane," alisema Gia Tano, na sauti ikamkwaruza kweli sasa, "miezi minane namnunia dereva mwenzangu!"

"Ngoja kwanza," alisema Msumari. "Siku hiyo dereva amevaa suti, anaoa. Mtu akianguka, nani atashika usukani?"

Benchi zima likageuka kumtazama Gia Tano. Kikohozi kilikuwa kimepona bila dawa.

Alivua kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, akamwekea Msumari mapajani. "Tia soli nene. Dakika arobaini si mchezo."

"Kumbe utatembea?"

"Kwenda, nitatembea na mwanangu. Huyo mjomba akimbie peke yake." Akajifuta jicho kwa karatasi ya maelekezo. "Kurudi, nitamwomba mkwe ufunguo."

Akaondoka mbio kumpasha mkewe habari, pekupeku, gari likabaki limeegeshwa pale pale mbele ya benchi. Wakamsindikiza kwa macho hatua kwa hatua, Mwalimu akihesabu. Alipofika kwenye kona, Gia Tano akapunguza mwendo, akachungulia kulia na kushoto, akapiga honi kwa mdomo.