Bwawa la Kufika Magotini

Jumamosi, 4 Machi

Shimo limekamilika! Asubuhi nimelizunguka mikono nyuma, kama mkaguzi. Linaanzia kwenye ngazi ya jikoni hadi karibu na ukuta wa jirani. Jirani mwenyewe ni Shemeji, mdogo wa marehemu mke wangu. Amechungulia juu ya ukuta akauliza tunamzika nani. Nikamjibu: bwawa la kuogelea. Akasema, "Shemeji, wewe hata manyunyu unayakimbia." Akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Acheke. Mimi nilimwahidi dada yake. Kila jioni akitoka kazini alikaa kwenye ngazi ile ya jikoni, upande wa mlangoni, miguu ndani ya beseni la buluu. Akasema, "Mwenzangu, siku moja nichimbie bwawa. Hata la kufika magotini tu." Tulikuwa tunangoja nistaafu. Nimestaafu. Yeye hakungoja. Hata beseni sijui liliishia wapi.

Binti amepiga simu. Habari za shimo zimemfikia, na namjua aliyezifikisha. Anakuja Jumapili ya tarehe 12. Akikuta bado ni shimo, nafungasha, nahamia kwake ghorofani, kwenye chumba cha kupigia pasi. Nimemwambia sihami. Akanikumbusha kwamba mwaka huuhuu nilifuga nyuki bafuni. Uongo! Niliwafuga stoo. Bafuni waliingia wenyewe.

Jumapili, 5 Machi

Fundi mwashi amekuja kutoa ushauri. Kwake yeye ni zege tu. Nondo, zege, plasta, kisha vigae juu yake. Amesema litadumu mpaka wajukuu wazeeke. Nikauliza kama litakuwa tayari Jumapili. Akaniangalia kama mtu aliyeoa leo na anataka kubatiza kesho. Zege linahitaji muda likomae, amesema, na linamwagiliwa kama mboga. Nimemwambia asinitishe. Amesema hanitishi yeye, linalonitisha ni zege.

Kuna njia ya pili: plastiki nene, unaitandika shimoni kama shuka. Ubaya wake inatoboka, hata kwa ukucha. Shemeji, ambaye hakuna aliyemwalika, ameitazama miguu yangu kwenye kandambili. Nimevaa soksi.

Jumanne, 7 Machi

Faibaglasi!

Nimeliona uani kwa muuzaji. Bwawa zima, limeshaundwa, limeegemezwa ukutani. Kazi ni kulishusha shimoni tu. Na rangi yake buluu. Buluu ileile! Ni beseni lililokua!

Nimesimama mbele yake mpaka muuzaji akaniletea kiti. Ameeleza mambo mengi kuhusu unene na uimara. Mimi nilikuwa napapasa ukingo. Beseni la mke wangu ukingo wake uliyeyuka kidogo, siku aliyoliweka karibu na jiko. Hili ni zima. Si kosa lake.

Nimelinunua. Fundi ameambiwa. Amenuna kwa niaba ya zege.

Alhamisi, 9 Machi

Limefika. Halikupita getini. Shemeji akatoa kiti nje akakaa kutazama. Nikaamuru geti ling'olewe. Halikupita. Nikaamuru na nguzo za geti. Fundi akaniuliza kama tuendelee na nyumba.

Mwishowe ikaja kreni. Bwawa langu likapaa juu ya ukuta, zuri ajabu, likakata kamba ya nguo ya Shemeji pamoja na shuka zake zote. Sasa hanisemeshi. Ukimya mtamu.

Limetua shimoni kama yai kwenye kikombe! Nikampigia muuzaji kuuliza kinachofuata. Akasema, "Mzee, jaza pande zote mbili kwa pamoja. Usiache upande mmoja mtupu." Fundi akataka simu aongee naye. Nimekata. Kiswahili nakijua.

Ijumaa, 10 Machi

Siku nzima najaza mchanga kati ya bwawa na kuta za shimo. Ndoo moja kushoto, ndoo moja kulia. Haki bin haki. Hakuna upande uliolalamika.

Shemeji amevunja ukimya wake ili kuuliza maji yatatiwa lini. Nimemwambia maji ni Jumapili. Nitafungua bomba Binti akiwa amesimama pale pale, aone kwa macho yake. Akasema wingu linajikusanya. Nikamwambia basi aanue nguo. Akasema kamba iko wapi.

Jumamosi, 11 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimelifunika bwawa turubai, maji machafu yasiingie. Kavu kabisa ndani! Nani mwingine angewaza hivyo?

Jumapili, 12 Machi

Bwawa limeelea.

Sisemi mtu ameelea ndani ya bwawa. Bwawa lenyewe! Maji ya mvua yamejaa ardhini, yakaingia chini yake na kulinyanyua lilivyo tupu. Kichwa chake kiko dirishani kwa Shemeji, turubai limening'inia kama kilemba. Ameniamsha kwa kelele, "Shemeji, hongera! Limejua kuogelea kabla yako!"

Nimempigia muuzaji. Kumbe pande mbili maana yake ndani na nje. Mchanga nje, maji ndani, vyote vikipanda pamoja. Ndani na nje! Tangu lini hizo ni pande? Nimemwambia pande ni kushoto na kulia. Nimemwambia kwa sauti kubwa.

Nikiwa bado napiga kelele, Binti akaingia palipokuwa na geti. Ana sanduku tupu mkononi. Akatazama bwawa. Akanitazama mimi. Nikasema sihami.

Akasema, "Baba, bwawa lenyewe limehama."

Chini ya ngazi ya jikoni, bwawa liliponyanyuka, palibaki nafasi. Maji yametulia pale juu ya mchanga, safi. Nikavua viatu nikakaa kwenye ngazi, nikatumbukiza miguu. Maji yakapanda, yakasimama magotini.

Nikamwonyesha. Nikasema, hili hapa. Ndivyo alivyoagiza.

Binti akaweka sanduku chini, akavua viatu, akakaa upande wa mlangoni. Upande wa mama yake. Akasema maji ni ya baridi. Akasema mama angecheka mpaka alie. Nikasema najua. Basi yeye ndiye akalia, kidogo, nami nikatazama turubai.

Shemeji akatokea bila hodi, kwani hodi angeibishia wapi. Amebeba beseni la buluu, ukingo umeyeyuka kidogo. Amesema alilichukua wakati wa msiba. Kila siku alitaka kulirudisha, na kila siku mkono ulikataa. Nikasogea apate pa kukaa. Akaliweka majini, nalo likaelea vizuri kabisa, bila kreni.

Jioni Binti ameondoka na sanduku lake tupu. Shemeji alimwambia kwamba mimi hapa sitoki, yeye atakuwa ananiangalia kutoka dirishani, bwawa likishaondolewa. Binti amekubali, mradi nirudishe geti. Na nisichimbe tena.

Jumatatu, 13 Machi

Nimeshinda! Binti kasema nisichimbe. Hakusema nisitandike. Na shimo lipo, limeshachimbwa.

Kosa lilikuwa la faibaglasi. Leo nimekwenda kwa mtu wa plastiki. Anayo ya buluu. Ameniambia kutandika si kazi, nianze kichwani, nimalizie miguuni. Alitaka kueleza zaidi, nikamwambia haina haja. Kichwa ninacho. Miguu ninayo.

Nimekata kucha.