Palmarès ya Magazini za Butembo

Wazo lilimjia Xavier siku ya soko, saa nne za asubuhi, alipoona mwanamke mmoja wa kitenge cha kijani akipita mbele ya bilo, ile ofisi yake, kwa mara ya nne, akitafuta kilo moja ya sukari. Mama yule alikuwa ameuliza dukani kwa Mathe pale kwenye mzunguko wa rond-point, akashuka kwa Lusenge, akapanda kwa Syauswa, akarudi kwa Mathe, na kila alipofika alikuta bei imesogea, maana dola ilikuwa inapanda wakati yeye anatembea. Sasa alisimama katikati ya vumbi, viatu mkononi, akiongea peke yake.

Xavier alimtazama kwa huruma, ile huruma ya mwindaji anapomwona mnyama aliyechoka.

Alikuwa mtu wa Kisangani, karani wa serikali, aliyeletwa Butembo zamani kuchunguza bei za maduka. Kisha vita vikaja, barabara ya kwao ikakatika, na mshahara ukapotelea njiani. Waasi walifika, wakaondoka, wakafika wengine, na kila kundi jipya lilianza utawala kwa kuhesabu viti vya bilo yake na kuondoka na kimoja. Kilikuwa kimebaki kimoja, na Xavier alikikalia hata siku ambazo hakuchoka. Mji wenyewe haukuwa na habari na hayo. Kila wiki ilifunguliwa magazini mpya, duka juu ya duka, bidhaa za Dubai zilipita katika barabara ambazo hata askari waliziogopa, na watu hawakujua tena wanunue wapi.

"Miguu ya batu imechoka," Xavier alijisemea. "Donc, tubapatie karatasi."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya pili, alivaa koti lake la kazi, akapanda juu ya kreti ya bia pale sokoni, akasoma kwa sauti ya mkuu wa shule siku ya matokeo. Karatasi yake aliiita palmarès, kama ile orodha ya mwisho wa mwaka inayoanza na mwanafunzi wa kwanza na kumalizika kwa yule ambaye baba yake ameshaondoka kimya kimya kabla jina halijasomwa.

"Premier, magasin Mathe, points makumi munane na mbili. Sukari, muzuri. Mafuta, muzuri sana. Sabuni, ajikaze. Deuxième, magasin Lusenge, points makumi saba na tano. Tabia, muzuri."

Watu walicheka, halafu wakaanza kuandika kwenye viganja. Jioni ile magazini ya Mathe ilijaa mpaka mlangoni. Hakuna aliyeuliza Xavier alizitoa wapi bei zile. Alizitoa kichwani, akiwa amekaa kwenye kile kiti kimoja, na kazi nzima ilimchukua muda wa kunywa chai.

Jumatatu Lusenge alikuja mwenyewe, mtu mzima mwenye malori matatu, akaketi kwenye kizingiti cha dirisha kwa kukosa kiti.

"Monsieur Xavier, mi naanguka namna gani deuxième? Sukari yangu na ya Mathe inatoka mu lori moya."

"Papa Lusenge, mutoto mwenye akili anaweza kuanguka kama hana vifaa. Palmarès inaomba karatasi, inaomba wino. Premier anasaidiaka masomo na dola makumi tano."

Lusenge alisaidia masomo. Jumapili alikuwa wa kwanza. Jumatatu alikuja Mathe, na Jumanne Syauswa, na kabla mwezi haujaisha wafanyabiashara wa Butembo, watu waliokuwa wamepita katikati ya majeshi matatu na mizigo yao bila kutetemeka, walikuwa wanatetemeka kila Jumapili asubuhi kama darasa la nne. Waliomsalimia Xavier kwa jina sasa walimwita Monsieur le Directeur. Alinunua viatu. Alinunua viti viwili. Alianza kuota Kampala, magazini yake mwenyewe yenye vioo, mahali ambapo hakuna mtu angekuja kuhesabu viti.

Katika kila orodha lazima awepo wa mwisho, na wa mwisho alikuwa Mama Kavuo. Alikuwa na duka dogo nyuma ya soko: chumvi, sukari, maharage ya Lubero, sabuni. Sukari yake ilikuwa nafuu kuliko ya wote, tofauti ya franga arobaini kwa kilo, na ingetosha mtu kunyoosha shingo kidogo kuiona bei imeandikwa kwa chaki mlangoni. Lakini palmarès ilisema ana points thelathini na nane. Basi watu walipita mbele ya chaki ile wakienda kununua kwa bei ya juu kwa Mathe, na wakarudi wamefurahi. Wifi yake mwenyewe alipita akiwa amefunika kikapu.

Mama Kavuo alifika bilo siku ya Jumatano, akakaa bila kualikwa, maana sasa viti vilikuwepo.

"Papa Xavier, wasingya, aksanti kwa kazi. Kwangu ulikuya siku gani kuuliza bei?"

"Maman, mwalimu hatembeleaka mutoto ku nyumba yao juu ya kumupatia points."

"Mais anasomaka kwanza copie yake ya examen."

"Iko repêchage," Xavier alisema kwa upole. "Mutoto mwenye ameanguka anaweza kurudilia examen. Ni dola makumi tatu."

Mama Kavuo alilitazama koti lile, akatazama viatu vipya, akasema atafikiri. Hakupandisha sauti. Mtu mwenye akili zaidi ya Xavier angeshtuka hapo.

Alirudi baada ya wiki mbili, amebeba aibu usoni na noti kumi mkononi.

"Papa, nakuomba univumilie. Leo niko na dola kumi tu. Zingine nitakuletea juma ijayo, chumvi yangu ikifika Beni."

Xavier alikuwa akihesabu noti. Aliacha. "Chumvi ya kwenda Beni?"

"Magunia makumi munane. Barabara ya Kasindi imefungwa, baasi ba Maï-Maï beko kule, hakuna lori inaingia. Beni hawana chumvi hata ya kutia mu majani ya sombe. Mais mi natafuta lori siku ya tatu hii, siipate." Akaziba mdomo kwa kitenge, kama mtu aliyesema kupita kiasi. "Usimwambie mutu, papa."

Xavier alimwahidi kwa heshima ya cheo chake. Mama alipotoka tu, akafunga bilo, akaenda mbio kwenye phonie. Simu zilikuwa hazijafika mji ule, na mtu aliyetaka kuongea na Beni alilipa dakika kwenye redio, akapiga kelele kwenye kipaza sauti huku foleni nzima ikisikiliza, akamaliza kila kauli kwa "À vous", yaani zamu yako. Njiani alipita malori mawili yaliyotoka Beni asubuhi ile. Madereva walikuwa wamekaa chini wakila ugali. Kuwauliza kungemchukua dakika mbili. Lakini Xavier alikuwa mtu wa karatasi na wa mitambo, si wa kuchuchumaa na madereva.

"Beni, Beni, hapa Butembo. Chumvi iko bei gani? À vous."

Sauti ya mwanamke ilijibu, nzito na tulivu: "Butembo, hapa Beni. Gunia ni dola kumi na nane, papa, na haionekane. À vous."

Butembo gunia lilikuwa dola kumi. Xavier alilipa dakika zake akiwa anatabasamu, akaenda moja kwa moja dukani kwa Mama Kavuo. Ilimchukua mchana mzima kumnyang'anya chumvi ile. Mama alikataa, akasema ndiyo mtaji wake wote. Xavier alimweleza hatari za barabara, barrière za askari wanaodai pesa, namna wanavyosumbua mwanamke aliye peke yake. Mama alitaka kumi na tano. Xavier alitoa kumi na moja na kumsamehe repêchage. Mama alilia kidogo. Wakafikia kumi na tatu, na Xavier akatoka akijisikia mwizi, jambo ambalo lilimfurahisha sana.

Ilibaki kupata dola zaidi ya elfu moja. Nusu alikuwa nayo. Kwa nusu nyingine alitangaza kwamba Jumapili ile ingesomwa palmarès kubwa ya mwaka mzima, na mshindi atabaki wa kwanza mpaka Noeli. Nafasi hiyo aliiuza kwa Mathe saa mbili, kwa Lusenge saa tatu na kwa Syauswa saa nne, dola mia mbili kila mmoja, na kila mmoja aliapa kutunza siri. Jumapili yenyewe haikumhusu. Jumapili angekuwa Beni akiuza, na Jumatatu Kampala.

Alhamisi alfajiri magunia themanini yalipanda kwenye lori la kijana mmoja aitwaye Grady, ambaye Mama Kavuo mwenyewe alisaidia kumpata baada ya kumkosa siku tatu. Xavier alilipa usafiri. Alilipa barrière ya kwanza, na ya pili. Kwenye ya tatu askari aliinua turubai, akanusa, akamtazama.

"Vieux, ni chumvi hii? Unaipeleka Beni?"

"Ndiyo, chef."

"Batu bote banaitosha kule Beni banaleta Butembo. Weye unairudisha?" Akawaita wenzake waje waone. Walicheka mpaka wakasahau kuomba sigara.

Xavier aliwasamehe. Askari hawajui biashara.

Huko Beni aliijua bei kabla hajashuka. Kando ya soko malori matano yenye namba za Uganda yalikuwa yanapakua chumvi, magunia yamepangwa ukutani kufikia dirisha, na watoto walikuwa wanateleza juu yake. Xavier aliuliza duka la kwanza. Dola saba. Akauliza la pili, saba. Aliuliza yote, moja baada ya jingine, jua likimchoma ndani ya koti, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe na serikali alifanya kazi aliyotumwa kufanya: alichunguza bei. Barabara ya Kasindi, walimwambia, ilifungwa kweli. Mwaka jana, siku mbili.

Na kununua magunia themanini kwa mkupuo, hakuna aliyetaka. Grady alipiga honi. Alihitaji lori lake. Hapo ndipo mwanamke mnene mwenye miwani alipokaribia, akagonga gunia moja kwa kidole.

"Nitakupatia dola tano, papa. Yote."

Xavier aliisikia sauti ile, nzito na tulivu, akahisi anaifahamu, ila kichwa kilikuwa kinauma. Alibishana mpaka akachoka. Akapokea dola mia nne, akazikunja, akaona Grady anafunga turubai upya bila kushusha hata gunia moja.

"Haushushe?" aliuliza.

"Ya nini, Monsieur? Inarudi Butembo." Grady alisema hivyo kama anavyosema mtu habari ya mvua. "Ni ya Mama Kavuo. Ya kuya ulilipa weye, ya kurudi analipa yeye. Huyu ni muloko wake, mudogo yake, Tamar, mwenye phonie ya hapa."

Yule mwanamke wa miwani alikubali kwa kichwa, bila kiburi. "Ningesema mapema, papa, mais ulikuwa unaongea sana. Kuya ku kibanda yangu. Butembo banakuita."

Xavier alimfuata. Hakujua kwa nini. Labda alitumaini kwamba bado kuna kitu cha kujadiliana. Kibanda kilikuwa kidogo, foleni ilikuwa ndefu, na wote waliokuwemo walimpisha kwa furaha, kama watu wanaompisha bibi harusi.

"Papa Xavier," sauti ya Mama Kavuo ilitoka kwenye redio, safi kabisa, "aksanti kwa transport. Kesho chumvi kwangu itakuwa dola nane, premier prix mu Butembo muzima, na nitaiandika na chaki. Mais sikukuitia ile. Niko hapa na Papa Mathe. Niko na Papa Lusenge na Papa Syauswa. Kila mutu anasema yeye njo premier wa mwaka. Banasumbuana hapa, na Papa Lusenge ametosha koti apigane. Banaomba weye directeur ubaambie nani anasema kweli. À vous."

Foleni yote ilimgeukia. Xavier alishika kipaza sauti, akakisogeza mdomoni, akakitazama. Mtu huyu aliyekuwa na neno kwa kila mzazi na kila mwanafunzi alikirudisha mezani taratibu, kana kwamba kingevunjika.

"Dakika ine," Tamar alisema. "Dola mbili."

Alilipa. Hakuomba kupunguziwa. Akatoka, akaangalia barabara ya Butembo upande wa kushoto, akashika ya kwenda Mbau upande wa kulia, kinyume cha Butembo, kwa miguu, koti begani. Alipokuwa anavuka bado aliisikia sauti ya Mathe ikitoka dirishani, ikimwita kwa heshima yote.

"Monsieur le Directeur? Tunakungojea. À vous."