Habari za Vita vya Mchuzi Uliotaka Kuganda

Sogeeni karibu, enyi wachuma kahawa wa Mbozi na wapakia mizigo wa Tunduma, enyi wasafiri wa barabara kuu na akina mama mliochutama mbele ya mafiga. Wekeni majembe chini, punguzeni sauti za redio zenu, kwa maana nataka kuwasimulia vita ambavyo hakuna gazeti lililoviandika, vita vilivyopiganwa ndani ya ghala la kahawa kijijini Ruanda, huko huko Mbozi, mwaka ule Reli ya Uhuru ilipokuwa ikitambaa kuelekea mpakani, baina ya hotuba na mchuzi. Nawe moto wa jikoni, uliyeyaona yote kutoka chini ya sufuria, nipe ulimi wenye joto, nisije nikawapoza wasikilizaji wangu kama wenzangu walivyopozwa siku hiyo.

Ulikuwa mwezi wa Juni, mwezi ambao upepo wa nyanda za juu huingia kwenye mikono ya mashati bila kubisha hodi. Kijiji kilikuwa kimefagiwa tangu alfajiri na kupambwa kwa migomba, kikimngoja mgeni rasmi kutoka mkoani aje kufungua ghala jipya na kula dhifa aliyoandaliwa. Ndipo, kabla hajafika aliyengojwa, akafika asiyengojwa. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, koti lake limelowa mafuta ya gari, meno yakigongana, na mkononi amebeba jani la springi lililokatika, chuma bapa cha chini ya lori, amelishika kama shujaa ashikavyo upanga uliovunjikia vitani. Huyo alikuwa Othmani, mwana wa Kisarawe, utingo wa lori lililokuwa likipeleka mapipa ya petroli Zambia, mbiringisha matairi, mlala juu ya mizigo, mchekeshaji aliyejulikana katika kila hoteli ya chai kutoka Chalinze mpaka Tunduma. Dereva wake, Saidi, alikuwa amebaki chini ya lori akilisema taratibu, kama mtu anayemsema mke mbele ya wageni.

Wanyiha, wenyeji wa huko, ni wahunzi wa tangu na tangu, na mhunzi wa Ruanda alilipokea lile jani, akaligeuzageuza, akasema litakuwa tayari jioni. Othmani akabaki hana kazi wala blanketi. Akafuata moshi, na moshi ukampeleka jikoni kwa Ketrina.

Ketrina, malkia wa mafiga, mshika mwiko asiyetetemeka, alimtazama yule mgeni toka viatu hadi kofia, akamsogezea kigoda.

“Kaa motoni, baba,” akamwambia. “Chakula sikupi, mgeni rasmi hajaonja. Lakini moto hauna itifaki.”

Othmani akakaa, na vidole vyake viliporudi kuwa vidole, akaona jambo. Mama yule alikuwa akipika kama mtu anayekwenda mahakamani. Alionja mchuzi, akautazama mlango. Akageuza wali, akautazama mlango tena. Othmani akamuuliza anamwogopa nani, na Ketrina, ambaye hakuwa na desturi ya kulalamika mbele ya wapita njia, akalalamika.

“Mwaka jana alikuja kiongozi mwingine. Akasema, akasema, mpaka mchuzi wangu ukaganda mezani, mweupe kama mshumaa. Wageni wakala hivyo hivyo, wakaenda kutangaza. Tangu siku hiyo mimi naitwa Mama Mgando. Hata kwaya kanisani wananiita hivyo. Nimekwisha kumwambia Mwenyekiti: leo ukiganda tena, haya mafiga nayang’oa, na dhifa zenu mtapika wenyewe.”

Wasikilizaji wangu, miji imewahi kuteketezwa kwa fedheha iliyo ndogo kuliko hiyo. Othmani alisimama, akaweka mkono juu ya ile sehemu ya koti isiyokuwa na mafuta, akaapa.

“Mama, leo hakuna kinywa kitakachoonja chakula chako kikiwa baridi. Hata kimoja. Kikionja, jina hilo nalichukua mimi, niitwe Baba Mgando kutoka hapa mpaka Kapiri Mposhi, ndani kabisa ya Zambia.”

“Wewe ambaye hata lori limekushinda,” akasema Ketrina, lakini alicheka, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka siku hiyo.

Othmani akauliza jina la mgeni rasmi. Akaambiwa ni Ndugu Mihayo, na kwamba amelelewa Tabora. Uso wa shujaa wetu ukawaka kuliko kuni. Mihayo, na Tabora: basi huyo ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi ni mtani wa Mzaramo kama yeye tangu enzi za misafara, wakati wapagazi kutoka bara walipokatiza Uzaramo na mizigo yao kwenda pwani. Mtani humcheka mtani wake arusini, humcheka hata kaburini, na hakuna baraza linaloweza kumshtaki. Silaha ilikuwa imepatikana, tena iliyohalalishwa na mababu.

Basi Landrova ikaja, vumbi likatangulia, nyimbo zikapokea. Ndugu Mihayo akashuka, mtu mrefu anayetembea bega moja likitangulia, mwenye miwani mizito na makaratasi mengi kwapani, akapeana mikono na kila mtu, hata na watoto, jambo ambalo napenda likumbukwe. Mwenyekiti wa kijiji, Nathanaeli, akamkalisha meza kuu. Itifaki ilitaka chakula kiwe mezani mgeni anapohutubia, ili aone juhudi za wananchi kwa macho. Kwa hiyo Ketrina na wenzake wakapita katikati yetu na wali, na ndizi, na kuku aliyeogelea katika mchuzi mwekundu, mvuke ukipanda mpaka kwenye mabati kama bendera. Kisha Ndugu Mihayo akasimama, akavaa miwani vizuri, akasema atasema machache.

Ole wetu. Yalitoka maneno kwa vikosi. Vikatangulia vikosi vya kilimo bora, vikafuatwa na vya mbolea ya samadi. Vya kujitegemea vikazunguka upande wa kushoto, na maadui ujinga, maradhi na umaskini wakapigwa, wakaanguka, wakainuka wakapigwa tena. Nasema kwa haki kwamba yalikuwa maneno mema, na mimi, niliyekuwa nimetoka chuoni siku zile na kuyaamini yote, ninayaamini hata sasa. Lakini kila aliposema “nikimalizia,” ghala zima lilishika vijiko, na kila mara vijiko vikarudi mezani safi, kama majeshi yaliyoitwa vitani kisha yakaambiwa yangoje. Upepo ukaingia kwa chini ya mlango. Mvuke ukawa mwembamba, ukawa uzi. Ketrina alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, ameshika ncha ya kitenge chake, macho yake hayatoki kwenye bakuli la meza kuu. Juu ya mchuzi, pembeni kabisa, palikuwa pameanza kuonekana utando.

Hapo ndipo aliposonga mbele Othmani. Aliingia amejifunika gunia la kahawa tangu kichwani, akatembea polepole mpaka mbele ya meza kuu, akajilaza chini chali, miguu juu. Ndugu Mihayo akanyamaza katikati ya samadi. Nathanaeli akainama juu ya meza, akauliza ni nani huyo.

“Mimi ni kuku,” gunia likajibu. “Ndugu wananchi, mimi ni kuku wa Mama Ketrina. Asubuhi nilikufa kwa ajili ya taifa, nikakubali. Nikanyonyolewa, nikakubali. Nikachemshwa, sikunung’unika. Lakini sasa nakufa mara ya pili, kwa baridi, na kifo hiki hakimo katika mpango wowote wa maendeleo.”

Mtu mmoja nyuma alicheka kwa pua, na kicheko kile kikafungulia vingine. Kuku akafufuka, akasimama, akapandisha miwani asiyokuwa nayo, akapekua makaratasi asiyokuwa nayo, na loh, alikuwa Ndugu Mihayo mtupu, mpaka lile bega linalotangulia. Akasema kwamba sasa anamalizia. Na kwamba akishamaliza kumalizia ataanza kuhitimisha. Na kwamba baada ya hitimisho yatafuata machache aliyoyasahau mwanzoni. Kisha akamgeukia kiongozi, akasema kwa upole kabisa:

“Mtani wangu, kwenu Unyamwezi mihayo ni maneno. Sisi watu wa pwani tukisikia jina lako tunafungua vinywa, tunapiga miayo. Sasa tazama, vinywa vyote humu vimekwisha kufunguka. Si vitiwe chakula?”

Ghala likaanguka kwa kicheko. Wazee walipiga meza. Kwaya, ile ile iliyomwita Ketrina Mgando, ilishikana mabega. Lakini Ndugu Mihayo hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, na jinsi alivyoifuta kwa muda mrefu, ndivyo kicheko kilivyokufa meza kwa meza mpaka tukausikia upepo. Vijana wawili wa ulinzi wakamshika Othmani mikono.

“Kijana,” akasema Ndugu Mihayo, “nani kakwambia mimi ni mtani wako?”

Othmani akajibu kwamba yeye ni Mzaramo wa Kisarawe na kiongozi ni Mnyamwezi wa Tabora, na habari zao zinajulikana.

“Baba yangu ni Mfipa wa Sumbawanga. Tabora nililelewa tu. Mfipa na Mzaramo wametaniana lini?”

Uso wa shujaa ukawa na rangi ya gunia lake. Alikuwa amekwenda vitani na ngao, na ngao ilikuwa ya watu wengine. Kule mlangoni Ketrina akaziba mdomo kwa kitenge. Si mchuzi tena aliokuwa akiuhofia.

Ndugu Mihayo akavaa miwani, akamtazama kuku yule aliyesimama mbele yake, halafu yule aliyelala bakulini. Pembe moja ya mdomo wake ikamsaliti.

“Ila jina hili ni la babu mzaa mama,” akasema, “naye alikuwa Mnyamwezi wa Urambo. Kwa hiyo nusu umenitania kihalali, na nusu umenitukana. Hukumu ni hii. Kwa nusu ya mama, hotuba naikata hapa, watu wale. Kwa nusu ya baba, hotuba iliyobaki utaisikiliza wewe, peke yako, nje, umesimama, mpaka mwisho.”

Sala ikasaliwa kwa kasi ambayo waumini wa kanisa la Moravian hapo Ruanda hawajairudia tena. Ule utando wa pembeni ulikuwa haujafika katikati. Ketrina aliukoroga kwa mwiko mara moja ukatoweka, akaongeza mchuzi uliokuwa bado unatokota jikoni, na mvuke ukasimama upya. Watu wakala. Walikula wakilamba vidole, wakipulizia matonge kwa sababu yanaunguza, na mzee mmoja wa kwaya akanyoosha sahani yake, akasema, “Mama Ketrina, niongeze.” Jina zima, bila mgando ndani yake. Ketrina alisimama na mwiko hewani muda kidogo kabla ya kupakua.

Na nje, chini ya upenu, katika upepo, kiongozi alihutubia na utingo akasikiliza. Kelele za vijiko ziliwafikia wote wawili. Mimi niliketi karibu na dirisha, na nashuhudia kwamba Othmani hakuihepa adhabu yake. Hakutazama pembeni, na harufu ilipopita alifumba macho tu. Kiongozi alipofika kwenye mradi wa mabomba ya maji ya kuoshea kahawa, Othmani akanyoosha mkono kama mwanafunzi, akauliza kama maji hayo yatapita na jikoni kwa Mama Ketrina, ambaye huyafuata bondeni kwa ndoo. Ndugu Mihayo alitafuta katika makaratasi yake. Hakuona. Akakiri kwamba miaka yote ya kuhutubia hajawahi kuulizwa swali, akatoa kalamu, akaandika neno “jiko” pembeni mwa ukurasa, kisha, kwa furaha ya kuulizwa, akaeleza mabomba upya tangu mwanzo.

Waliporudi ndani sahani zao mbili zilikuwa zikiwangoja, na zote mbili zilikuwa zimeganda. Ndugu Mihayo, mtu wa watu, akakaa, akashika kijiko.

“Usile, mtani,” akasema Othmani, akaishika ile sahani.

Akamweleza kiapo chake chote, mpaka jina la Baba Mgando. Kiongozi akakiweka kijiko chini kwa heshima. Ketrina akakimbilia jikoni, lakini moto ulikuwa umekwisha kufa, yamebaki makaa ya kutosha kupasha sahani moja tu; kuni nyingine zingetaka muda, na muda haukuwepo, kwa maana springi ilikuwa imefungwa, lori halikuwa na taa, na Saidi alikuwa anapiga honi ili wafike Tunduma kabla ya giza. Tumbo la Othmani lilikuwa halijaona kitu tangu chai ya Makambako. Aliitazama ile sahani yake, paja zima la kuku, ndizi, wali wa kutosha watu wawili.

“Pasha ya mgeni rasmi,” akasema.

Ketrina akataka kumfungia yake kwenye jani la mgomba. Akakataa. Alisema itakuwa imezidi kupoa kabla hawajafika Vwawa, na atakuwa yeye wa kwanza kuila ikiwa baridi, na mtu hawezi kuapa kwa niaba ya vinywa vyote akasahau chake.

Basi liandikwe katika kumbukumbu za taifa, mahali popote palipobaki nafasi: kwamba siku ile, kijijini Ruanda, hakuna kinywa kilichoonja chakula cha Ketrina kikiwa baridi, cha mkubwa wala cha mdogo. Ndugu Mihayo alikula akipuliza. Na Othmani, mwana wa Kisarawe, alipita mbele ya mlango wa jikoni akielekea lorini, akasimama hatua moja, akavuta pumzi ndefu ya mvuke uliokuwa bado ukitoka kwenye sufuria iliyopashiwa chakula cha kiongozi, akaushikilia kifuani mpaka alipopanda juu ya mapipa. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu yake ya dhifa, nayo ilikuwa ya moto.