Ombi la Kuurudisha Mgomba Kamachumu

Mabatini, Mwanza.
Mwezi wa saba, kiangazi.

Kwa Mzee Rwehumbiza,
Kamachumu, Kagera.

Baba Mkwe mheshimiwa,

YAH: MGOMBA ULIOMPA MWANAO JOVITHA

Shikamoo, Baba. Shikamoo na Mama, ambaye naomba asisomewe lalamiko la kwanza, kwa kuwa linahusu kuoga kwangu, na mimi nililelewa nikijua kwamba mtu haogi mbele ya wakwe zake, hata kwenye karatasi.

Ni mimi mkweo Mayala, fundi mafriji. Hapa sisi ni wazima. Jovitha ni mzima, anaimba tangu asubuhi. Mgomba nao ni mzima, na hilo ndilo linalonifanya nishike kalamu.

Utakumbuka mwaka jana, mvua zikiwa zimekwisha, Jovitha alikuja huko kwenye harusi ya kaka yake. Alirudi kwa meli, mimi nikiwa bandarini kumpokea. Nikamwona anashuka amekumbatia kitu kilichofungwa vizuri kwenye kanga, anatembea polepole asikitikise. Moyo ulinipasuka kwa furaha, Baba. Nilidhani mmetupatia mtoto wa ndugu tumlee. Nikafunua kanga nimwone sura, nikakuta ni chipukizi cha mgomba.

"Jovitha," nikamwambia, "hapa kwetu utaupanda wapi?"

"Baba amesema utaota popote penye mtu wa kuuangalia."

Baba, ulisema hivyo kweli? Nyumba yetu unaijua, imekaa juu ya mwamba kama kofia. Ziwa lote tunaliona pale chini, limejaa, linameta, huku bomba letu likikohoa hewa. Kiangazi kikianza, hata mijusi wanatembea kivulini. Udongo tuliokuwa nao ni ule tu unaoingia ndani na viatu.

Nilikubali kwa sababu moja. Siku za mwanzo za ndoa yetu, Jovitha alikuwa akitoka kazini kwenye duka la dawa anakaa nyuma ya nyumba, anatazama ziwa upande wa Bukoba mpaka giza linaingia. Nikimuuliza, anasema anapunga upepo. Chakula anakigusagusa tu. Basi nilipomwona anashuka melini anacheka na ule mgomba wake, sikuwa na ubavu wa kusema hapana. Nilibeba udongo kutoka bondeni kwa mgongo wangu, kiroba baada ya kiroba, nikaujaza kwenye mwanya kati ya mawe, tukapanda. Mchango wangu ulipaswa kuishia hapo. Haukuishia, na ndiyo maana nakuletea malalamiko yafuatayo.

1. KUOGA.

Mgomba huu unakunywa kuliko ng'ombe. Jovitha akatangaza kwamba katika nyumba hii halitamwagika tone lisilo na kazi. Akazungushia mabati pale shinani, akaweka jiwe bapa la kusimamia, akaniambia hilo ndilo bafu langu. Sabuni ya manukato ikapigwa marufuku. Naoga kwa kipande cha sabuni ya mche, tena kidogo, kwa maelezo kwamba povu jingi linaukera. Siku moja nilichoka, nikaoga bafuni kama raia wengine. Jovitha akanikuta natoka na taulo.

"Mayala, umeoga wapi?"

"Bafuni."

"Bafuni kumeota nini?"

Kesho yake nikarudi kwenye jiwe langu, Baba.

Baadaye nilipata kazi ya kutengeneza friji pamoja na fundi mwenzangu anayekaa Kiseke. Jua lilikuwa kali, akanikaribisha nioge kwake, nikaoga. Niliporudi nyumbani Jovitha alinisogelea, akaninusa bega, akakaa kitini taratibu.

"Hii sabuni si yetu. Umeoga kwa nani?"

Nikamtajia.

"Ana bustani?"

Nikasema hana, kwake ni saruji tupu. Hapo ndipo mwanao alipolia. Nadhani kama ningekuwa na mwanamke mwingine angeuliza jina tu, yakaisha. Lakini maji yangu kumwagika Kiseke, kwenye saruji, kulimchoma.

2. MAFRIJI YA WATU.

Mgomba mmoja ungevumilika. Shida ni kwamba ulishika, ukatoa jani, na lile jani likamtia mwanao kiburi, akataka kupanda kila kitu. Uani kwangu hukaa mafriji mabovu yanayosubiri vipuri. Jovitha akagundua kwamba friji likilazwa chali, likang'olewa mlango, likatobolewa matundu machache na kujazwa udongo na samadi, maji hayakimbilii kwenye mawe na mizizi haiungui kwa jua. Ni kweli tupu, sibishani na sayansi. Nalalamika kwa kuwa hakuuliza friji ni la nani.

Mzee Nestory, mwalimu mstaafu wa kule Butimba, mtu mkali ambaye hata salamu anaisahihisha, alikuja kuchukua la kwake. Nilimkaribisha chai, akakataa. Nilimkaribisha kiti, akakataa. Akapita moja kwa moja mpaka uani, akaliona friji lake limelala na mchicha umesimama. Nikaanza kumweleza kwamba huu ni utaratibu mpya wa kulipumzisha. Hakunisikiliza. Akainama, akachuma jani, akatafuna, macho amenikazia mimi. Niliomba ardhi inimeze, lakini hapa ni mwamba.

"Linafanya kazi," akasema.

Akalipakia kwenye guta la magurudumu matatu pamoja na mchicha wake, akaondoka. Haukupita muda akaleta friji lingine, zima, linalogandisha mpaka barafu, akataka nilifanye kama lile. Na akawaambia wenzake. Baba, siku hizi wateja hawaniletei mafriji yapone, wananiletea yafe. Mtu mwenye cheti cha ufundi nimegeuka mzika mafriji, na foleni ni ndefu kuliko wakati wowote nilipokuwa nayatengeneza.

3. MAMA YANGU MZAZI.

Mambo yaliponizidi nilimpigia simu mama kijijini, Magu, aje amweleze mkwewe kwamba kwa Wasukuma mwanamume haogeshwi kwa ratiba. Alikuja upesi. Alishuka kwenye basi na kiroba kizito, kondakta anauliza kuna nini humo, mama anamjibu ni zawadi ya mkwe. Ilikuwa samadi. Samadi ya ng'ombe wetu wenyewe, imekauka vizuri, imepepetwa. Jovitha na mama walikumbatiana juu ya kile kiroba kama watu waliopoteana vitani. Nilisubiri wamalize ili shauri lisikilizwe. Mama akazunguka bustani yote, akashika papai, akanusa nyanya, akafunua majani makavu yaliyofunika shina la mgomba akagusa udongo kwa kidole. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, kwa nini unaoga mara moja tu kwa siku?"

4. MPIRA.

Pasheni imepanda nguzo ya dishi, ikalizunguka dishi, ikalifunika. Picha ilipotea mpigaji akiwa anaujongelea mpira kupiga penalti. Nikatoka na panga, nikamkuta Jovitha amesimama chini ya nguzo.

"Chagua, mpira au juisi?"

Nikachagua mpira. Nikaletewa juisi. Ilikuwa tamu, na matokeo ya ile mechi mpaka leo nayasikia kwa watu, kila mmoja na yake.

5. MAJIRANI.

Wanawake wa mtaa mzima sasa wanapanda kwetu na ndoo za maji ya suuza. Wanamwaga bustanini, wanaondoka na mgagani na nyanya, wanacheka njia nzima. Kiongozi wao ni Odeta, jirani wa nyumba ya chini, ambaye kutokea mlangoni kwake anauona mgomba vizuri na ameteuliwa kuwa mlinzi wake. Juzi nimesimama na wateja wa heshima, nawaeleza mambo ya gesi na kompresa, Odeta akapaza sauti kutoka chini:

"Shemeji! Leo hujaoga? Mbona majani yamelegea?"

Wateja wakayatazama majani. Kisha wakanitazama mimi.

6. AFYA.

Kwa mboga hizi za kila siku, presha yangu imeshuka. Daktari amenipongeza kwa mkono. Zamani nikichoka nilikuwa nasema ni presha, nikaachwa nilale. Sasa sina ugonjwa hata mmoja wa kujitetea, na suruali zangu zote zimekuwa za mtu mwingine.

7. TAI.

Hili ndilo lililoniumiza kuliko yote, naomba ulisome ukiwa umekaa. Wiki iliyopita upepo wa ziwa ulivuma kwa hasira, mabati ya majirani yakapiga makofi, mgomba ukaanza kulala upande. Jovitha alikimbia ndani, akatoka na tai. Baba, ni ile tai nyekundu uliyonifunga wewe mwenyewe shingoni siku ya harusi, ukaniambia sasa mimi ni mwanao. Akaufunga nayo mgomba kwenye nguzo. Kamba ilikuwepo. Nilikuwa nimeishika mkononi, nikamwonyesha.

"Kamba itauumiza," akasema.

Jumapili nilikwenda kanisani shingo wazi. Mgomba ulibaki nyumbani umevaa tai.

Baada ya kupima yote hayo, naleta kwako ombi langu kwa unyenyekevu. Naomba uuchukue mgomba wako. Meli ipo, nauli yake nitaigharamia, na kama wenye meli watataka mgomba ukae daraja la kwanza sitabisha, umeshazoea makubwa. Ikishindikana, basi uandike kwa mkono wako kwamba katika nyumba hii mimi natangulia, mgomba unafuata, ili karatasi hiyo niibandike ukutani. Na ikishindikana hata hilo, mwambie mwanao kwamba huko kwenu mna mvua mpaka mnazilalamikia, nyumba nzima inanuka ukungu. Mtuvushie ziwa hata wingu moja, dogo, lije lifanye kazi ninayoifanya mimi.

Siandiki kwa chuki. Mwanao ni mke mwema. Siku hizi anakula, ananenepa, anaimba nyimbo za kwenu ambazo sizijui maneno lakini najikuta nazipiga mluzi kazini. Siku mgomba ulipotoa jani la kwanza alinivuta kwa mkono kutoka mezani, tonge likiwa mdomoni, akanionyesha, akasema, "Ona, umekubali kukaa." Nilitaka tu wewe kama mzazi ujue kwamba yupo na mtu mwingine aliyekubali kukaa, na huyo haangaliwi majani yake.

Msalimie Mama, mashemeji zangu wote, mtoto wa shemeji aliyezaliwa juzi, na bibi wa nyumba ya nyuma ambaye hunicheka ninavyotamka maneno ya kwenu. Hata mibuni yako iambie Mayala anaisalimu. Mama yangu anawasalimu, amegoma kurudi Magu mpaka aone biringanya zinaiva.

Ni mimi mkweo, ninayekuheshimu nikiwa safi kwa kiasi nilichoruhusiwa,

Mayala.

N.B. Baba, bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimelazimika kuichana. Jovitha alinisikia naisoma barua hii kwa sauti kabla ya kuipeleka. Hakugomba. Alitoka nje akapiga simu. Mchana pikapu ikajikongoja mpaka hapa juu, vijana wakashuka na majembe. Wametumwa na mwenzake wa duka la dawa, ana kiwanja kikubwa, udongo mweusi, kisima chake mwenyewe.

"Sikujua umeumia hivyo," Jovitha akaniambia, kwa upole ambao sijawahi kuusikia. "Acha uende. Nitakuwa nautembelea." Akaingia ndani asione.

Nilisimama pale. Ulikuwa ushindi wangu, Baba, nilikuwa nimeupata bila hata kusubiri majibu yako. Mmoja wa wale vijana akatemea mate viganja, akainua jembe. Nikasikia mtu anapiga kelele, "Huyu haendi popote!"

Alikuwa ni mimi. Na nilisema huyu, Baba. Sikusema huu. Wale vijana wakageuka kulia na kushoto wakimtafuta mtu ninayemtetea. Nikajikuta nimesimama mbele yake nimetanua mikono kama golikipa, nikirudia, "Huyu ni wa hapa! Amezoea hapa! Mkimhamisha atakufa!" Jovitha akatoka mbio, akanikuta katika hali hiyo, akacheka mpaka akakaa chini. Mama yangu akacheka. Odeta akaja kuuliza kuna msiba au harusi, akacheka bila kuambiwa. Mwisho vijana wenyewe wakaegemea pikapu wakacheka, wakaondoka na papai mkononi kila mmoja.

Kwa hiyo, Baba Mkwe, ombi la kumrudisha lifutwe, na barua yote hii usiihesabu. Naomba badala yake umtumie mwenzake kwa meli inayokuja, maana nimemtazama vizuri jioni hii, peke yake anaonekana mpweke. Mwanya mwingine nimeshaupasua. Ila umfunike vizuri, melini kuna baridi.