Warsha za Bure Dukani Kwangu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Wateja leo: mmoja. Alitaka kujua duka la Spika liko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole, maana liko mbele yangu, ng'ambo ya barabara, linapiga kelele tangu asubuhi. Huyu Spika anauza redio na maspika. Muziki wa kwenye boksi! Mimi nauza magitaa, ngoma na filimbi, vitu vya kupiga kwa mikono na pumzi, na ninachopiga ni miayo.

Saa nne akaingia Mama Mkwe, mwenye nyumba hii, pamoja na fundi cherehani. Wakapima chumba ukuta hadi ukuta, mimi nikiwa katikati. Fundi akaniomba nisogee kidogo. Mama Mkwe akasema Jumamosi saa nne atarudi. Akikuta duka lina watu, nitabaki. Akilikuta hivi, Jumatatu vinaingia vyerehani vinne. Akaongeza kwa upole kwamba fundi anahitaji mtu wa kushona vifungo.

Vifungo! Mimi!

Jioni nimepata wazo. Warsha! Bure kabisa! "Njoo na Gitaa Lako Bovu, Ujifunze Kulitengeneza." Mke wangu akauliza nani atafundisha. Nikasema mimi. Akauliza, na wakitaka kufundishwa kupiga? Nikajifanya natafuta kalamu ya kuandikia tangazo.

Naandika hapa tu: sijui kupiga gitaa. Wakati wa uchumba niliwaambia wakwe kuwa mimi ni mwanamuziki. Tangu hapo, kila wakiniomba niwapigie, kidole kinauma. Kinauma mwaka wa kumi na tisa sasa.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nyota njema huonekana asubuhi. Walikuja kumi na mmoja! Kila mmoja na gitaa lake, mengine hata kuku asingeyatagia. Nikawafundisha kuziba nyufa kwa gundi, kunyoosha shingo, kuchemsha nyuzi kuukuu ili zirudie sauti. Nilifundisha vizuri mno. Saa sita magitaa yote kumi na moja yalikuwa mazima.

Nilichouza: hakuna. Mama mmoja alinishika mikono yote miwili, akasema alikuja na nia ya kununua jipya, lakini sasa hatahitaji tena maisha yake yote. Akaniombea baraka. Nikaitikia amina.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimegundua kosa. Kosa ni kualika watu wenye vyombo. Kesho: warsha ya ngoma, kwa wasio na ngoma tu.

Nilivuka barabara kumwomba Spika apunguze sauti kesho. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akakubali mara moja! Akaniazima na viti kumi vya plastiki, akanisaidia hata kuvipanga. Mke wangu akasema tuviangalie vizuri viti hivyo. Wivu tu.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Watu wanane, ngoma nane. Mkufunzi mimi. Nikawaambia kila mtu afuate moyo wake. Mioyo ilikuwa minane, na hakuna uliokubaliana na mwingine. Mwenye duka la dawa la jirani akaja kulalamika kuwa amehesabu vidonge vya mgonjwa mmoja mara tatu na kila mara vinatoka tofauti.

Kisha, mmoja baada ya mwingine, wanafunzi wangu wakasimama, wakaaga kwa adabu, wakavuka barabara. Sikuelewa mpaka nilipoketi mwenyewe kiti cha nyuma. Mgongoni mwa kila kiti kilicho mbele, kwa rangi nyekundu: "Ukichoka Kujifunza, Njoo Usikilize. Kwa Spika."

Nilikaa pale muda mrefu. Ni viti vizuri, kusema kweli.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mwalimu wa kwaya mstaafu, mteja wangu wa kudumu, amejitolea kuja kufundisha watu kupiga. Sharti moja: na mimi niketi nijifunze, nikiwa nimefunga mdomo. Nimekataa. Mwenye duka hafundishwi dukani kwake.

Nina mpango bora. Nimewaita wale kumi na mmoja wa Jumanne. Kesho watajifanya wanunuzi. Nimemwandikia kila mmoja maneno yake kwenye karatasi.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Saa nne kamili, Mama Mkwe na fundi mlangoni. Duka limejaa! Mteja wa kwanza akatoa karatasi, akasoma kwa sauti kubwa kuwa bei ni nzuri mno, atachukua mawili, kisha na yale ya kwenye mabano: atabasamu, amtazame bibi mwenye nyumba.

Fundi akatoa utepe wake mfukoni.

Mama Mkwe hakufoka. Afadhali angefoka. Alivuta kiti, akaketi, akasema kabla hajafunga hili duka, mkwe wake ampigie gitaa mara moja tu. Nikanyanyua kidole changu kigonjwa. Safari hii sikuweza hata kudanganya. Machozi yalinilenga.

Mke wangu akalichukua gitaa mikononi mwangu. Akapiga.

Akapiga! Miaka minne anajifunza kwa mwalimu wa kwaya, nami nikidhani anakwenda kusuka nywele. Spika mwenyewe alizima redio, akasimama mlangoni. Nilijivuna, nikaona aibu, nikajivuna tena. Alipomaliza, wale kumi na mmoja wakatupa karatasi zangu wakauliza anafundisha lini. Fundi cherehani alinunua gitaa.

Mama Mkwe ameamua. Duka linabaki. Litaendeshwa na binti yake. Mimi niketi, nijifunze.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Darasa la mke wangu la Jumanne limejaa. Nimekaa nikatafakari kwa kina: siri ya mafanikio haya ni nini? Jibu liko wazi. Ni mimi. Nani aliwaleta wale kumi na mmoja?

Nimeshabandika tangazo: "Warsha kwa Wenye Maduka: Jinsi ya Kuvuta Wateja kwa Warsha. Mkufunzi: Mimi."

Spika amejiandikisha wa kwanza. Muungwana kweli yule. Amesema nisihangaike na viti.