Sinema Niliyomtafsiria Baba Mkwe Mtarajiwa

Leo sina pa kuuweka uso. Nawaandikia nikiwa nimejifungia nyuma ya banda langu hapa Ipogolo, na simu nimeizima sauti.

Kwa msionijua, mimi ni mtafsiri wa sinema. Nina kibanda umiza pembeni ya barabara kuu. Mpira ukiwepo tunaonyesha mpira, usipokuwepo tunaweka sinema, nami nakaa kwenye kona na maiki naitia Kiswahili papo hapo. Watu hawaji kwa ajili ya sinema, wanakuja kwa ajili yangu. (Hiyo ilikuwa imani yangu hadi mchana wa leo.)

Sasa kuna binti anaitwa Neema. Habari zake mnazijua, nimewachosha nazo. Nilishatuma mshenga kwao Ilula. Jibu likarudi kwamba mama hana neno, ila Baba Neema anauliza, huyo kijana kazi yake hasa ni ipi? Baba Neema ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mzee wa kanisa la Kilutheri, siku hizi analima nyanya. Mshenga akamweleza kwamba natafsiri sinema. Mzee akasema, "Basi nitakwenda nimsikie anavyotafsiri. Nikirudi ndipo nitasema kama namkubali."

Leo ndiyo amekuja!

Na mimi nilikuwa nimejipanga. Kuna zile sinema za Kamanda, wanaanga wanapigana na mijusi wa sayari nyingine. Ipogolo wanamjua Kamanda kuliko wanavyomjua diwani wao. Nimezitafsiri zote. Lile kovu lake la juu ya jicho naweza kulichora nimefumba macho. Niliposikia imetoka mpya, nikamwambia jamaa yangu wa Mbeya anitumie kwenye flashi kwa basi. Mpango ulikuwa ifike asubuhi, niitazame kwanza peke yangu, mchana niimwage bila kukwama hata mara moja.

Basi likaharibika Nyololo.

Flashi imenifikia banda limeshajaa. Baba Neema yuko benchi la mbele, koti kalifunga vifungo vyote, kofia kaiweka magotini, Neema yuko pembeni yake. Nimeinama nikamsalimia, "Kamwene, baba. Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba. Fanya kazi yako, mimi nipo."

Mtu mwenye akili zake angeweka sinema nyingine. Mimi nikajisemea, Kamanda si ni wangu? Nikachomeka flashi.

Sinema ikaanza. Skrini nyeusi, maandishi yanapita. Na kwa kawaida yetu watafsiri, maandishi ya mwanzo ndiyo muda wa salamu. Ukiacha salamu watu wananuna. Nikaipa skrini mgongo nikawageukia wateja. "Salamu kwa wana Ipogolo wote! Salamu kwa madereva wa malori mliolala kwetu! Salamu kwa fundi wa Nyololo aliyeliponya basi!" Makofi. "Na salamu za pekee kwa mgeni wetu wa heshima kutoka Ilula!" Mgeni wa heshima hakunitazama. Alikuwa anatazama skrini. (Mimi nikadhani anaona haya.)

Nilipogeuka, namwona nani? Mzee Upara! Yule mwalimu wa Kamanda aliyemezwa na mjusi mkubwa kwenye ile ya tatu, banda zima likalia. Yuko hai. Tena ana nywele!

Nikababaika kidogo. Halafu nikapaza sauti, "Jamani, Mzee Upara karudi! Mjusi kamtapika! Na yale mate ya mjusi msiyadharau, yameotesha nywele!"

Banda likalipuka. Mama Zuhura, mwenye duka la vitenge hapa jirani, akauliza kutoka nyuma, "Hayo mate yanapatikana wapi, nimchukulie mume wangu?" Nikaona mambo yamenyooka.

Tatizo, Kamanda mwenyewe haonekani. Dakika zinakwenda, Kamanda hayupo. Akatokea mwanamke, mzuri, na mtoto mdogo wa kiume. Kila jioni anatoka nje anatazama juu, machozi yanamtoka. Sauti ya sinema huwa naishusha, maana vinginevyo tunagongana, kwa hiyo alichokuwa anasema sikukisikia sawasawa. Haikunisumbua. "Huyu ndiye mchumba wa Kamanda," nikawatangazia. "Kamanda kamzalisha, kakimbilia vitani!"

"Wanaume nyie!" akasema Mama Zuhura.

Kwenye benchi la mbele, mzee wa kanisa akakohoa.

Tuseme ukweli, sinema yenyewe imenivunja moyo. Vikao vingi kuliko vya halmashauri. Mijusi wenyewe wawili watatu, nao wamechoka. Si kwamba haitazamiki. Ukiwa na karanga na huna haraka ya kwenda popote, inakwenda. Ila si ile moto moto tuliyoizoea, na mimi nilikuwa na baba mkwe benchi la mbele. Nikaitia chumvi. Majenerali wakikaa mezani na sura za msiba, nawaambia watu hiki ni kikao cha harusi ya Kamanda na mchumba wake, wanabishana ukumbi na wali. Mwanamke akishika redio ya upepo anabembeleza, nabana pua kwa sauti nyembamba, "Kamanda wangu, rudi tufunge ndoa, kitanda kina baridi!" Watu wanagaragara. Baba Neema anakohoa. Nikajiambia, mzee ana mafua, huku Ipogolo vumbi limezidi.

Ikafika mwisho mwisho. Chombo kinaungua, moshi, mtoto kaanguka, damu inamtoka juu ya jicho. Kamera ikasogea. Mzee Upara akapiga magoti, akamfuta damu, akamwekea mkono kichwani. Tukaliona kovu. Juu ya jicho. Lile lile.

Watu wakasogea mbele kuliangalia.

Jamaa mmoja akauliza, "Mtafsiri, mbona dogo ana kovu la Kamanda?"

"Ni... ni la kurithi," nikasema.

(Kovu! La kurithi! Kwenye maiki!)

Hapo Baba Neema akasimama. Akavaa kofia yake taratibu, akanigeukia, akasema kwa sauti ya darasani, "Kijana, huyo mtoto ndiye Kamanda mwenyewe. Hii ni hadithi ya nyuma, kabla ya hizo nyingine zote. Waliandika pale mwanzo kabisa, miaka thelathini kabla. Wewe ulikuwa unanisalimia."

Watu wakawa wanapiga hesabu kimya kimya. Wa kwanza kupata jibu ni Mama Zuhura.

"Mungu wangu! Sasa yule mwanamke si ndo mama yake? Huyu mtafsiri kamposea mtu mama yake mzazi!"

Maiki nilikuwa bado nimeiwasha, na nina spika ya nje ya kuitia wateja. Barabara kuu yote imesikia. Dereva wa lori akapiga honi. Ndani watu wanalia kwa kicheko, wengine wameshuka chini kwenye benchi, na kuna waliokuwa wanadai niendelee na harusi hivyo hivyo. Mimi nilikuwa namtazama mzee anatoka mlangoni, na Neema nyuma yake kajifunika kanga usoni. Nikajua nimemkosa.

Nikawakimbilia. Nimewakuta wamesimama wanasubiri gari la Ilula.

"Baba, naomba unisamehe."

"Ulikuwa umeshaiona hiyo sinema?"

"Hapana, baba."

"Yule mama alichokuwa anasema kwenye redio, ulikisikia?"

"Hapana, baba."

"Alikuwa anaomba maji ya kunywa." Akaiweka kofia sawa. "Na pamoja na kutokujua yote hayo, hukufunga mdomo hata mara moja."

"Hapana, baba."

Neema alikuwa anatazama viatu vyake, mabega yanamtikisika. Mzee akatazama barabara, gari bado. Halafu akasema, kama mtu anayetoa maksi asizozipenda, "Ile sinema yao ingenilaza usingizi. Ya kwako sikusinzia. Jumamosi mshenga aje nyumbani, tuzungumze mambo ya posa."

Nilitaka kuruka! Nikafungua mdomo nishukuru, akaninyooshea kidole.

"Na wewe uje. Ila ataongea mshenga. Wewe kwangu hutatamka neno mpaka tumalize."

Basi ndugu zangu, mkicheka chekeni polepole. Na msinipigie simu kuniuliza imekuwaje, nimeshaanza mazoezi.